Lisbon kwa siku mbili: Belém, Alfama, Sintra au Cascais?

Ukifika Lisbon na siku mbili mkononi, kila mtu atakuwa na ushauri. Mji mkuu huu wa Ureno umekaa juu ya vilima karibu na pale mto Tejo unapoingia Bahari ya Atlantiki, na kila upande una kitu ambacho waliotangulia watakuapia kwamba usipokiona hukufika. Huyu anasema Sintra, yule anasema Belém, wa tatu anakuonyesha picha ya tramu ya njano ikipanda Alfama. Ukiwasikiliza wote, siku zako zitaishia ndani ya treni na kwenye foleni, na picha utakazorudi nazo zitakuwa za migongo ya watu.

Kwa hiyo hapa naziweka kando kwa kando sehemu nne zinazowachanganya watu zaidi. Mbili nyingine nitazigusa mwishoni, maana nazo zina wenyewe.

Tutazipima kwa nini

Kwanza, kufika: ni usafiri gani, na njia inakula saa ngapi za siku yako. Pili, miguu na foleni. Usidharau hili. Njia za waenda kwa miguu za Lisbon zimetandikwa vijiwe vidogo vya chokaa vilivyosuguliwa na viatu hadi vinang'aa, na mvua ikinyesha vinateleza kama sabuni. Mzee wa miaka 70 na kijana wa miaka 20 hawaoni mji mmoja. Tatu, utakachokiona hasa, ukiondoa picha za matangazo. Nne, inamfaa nani.

Viingilio sitavitaja, kwa sababu hubadilika. Angalia tovuti rasmi ya kila mahali kabla ya kutoka hotelini, na tiketi nunua kwenye tovuti hiyohiyo, usipitie kwa mchuuzi wa barabarani. Kwa nauli, chukua kadi iitwayo navegante na uijaze hela. Inatumika kwenye metro, mabasi, tramu, vivuko, na hata treni za pembezoni zitakazokupeleka Sintra na Cascais.

Belém

Kufika. Ni kama kilomita 6 magharibi ya katikati ya mji, ukiufuata mto. Tramu namba 15 inafika hadi mbele ya monasteri lakini hujaa kama daladala ya saa kumi na moja jioni. Treni ya njia ya Cascais kutoka stesheni ya Cais do Sodré huchukua dakika chache, na mara nyingi utapata kiti. Sijui kwa nini wageni wengi hawaifikirii.

Miguu na foleni. Hapa ni tambarare. Mwenye kiti cha magurudumu, mwenye mtoto wa kusukumwa, mwenye magoti mabovu, wote watashukuru. Taabu yake ni jua na foleni. Watu wengi hawajui kwamba kanisa la Monasteri ya Jerónimos na ua wake wa ndani vina milango miwili na foleni mbili. Niliwahi kusimama karibu saa nzima kwenye foleni isiyo yangu, kosa langu mwenyewe. Monasteri na Mnara wa Belém hufungwa Jumatatu. Mnara pia ulifungwa kwa ukarabati mwaka 2025, kwa hiyo hakikisha kwanza kama uko wazi.

Utakachokiona. Mfalme Manuel I alianza kuijenga monasteri mwanzoni mwa miaka ya 1500, na kazi ikaendelea kwa karibu miaka 100. Sehemu kubwa ya fedha ilitokana na ushuru wa biashara ya Afrika na Mashariki, na jengo lenyewe halifichi: mawe yamechongwa kamba za meli, mafundo na vitu vya baharini. Tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, lililofuatiwa na mawimbi na moto, liliangusha sehemu kubwa ya Lisbon, lakini Belém iliumia kidogo. Familia ya kifalme ilikuwa huku siku ile, ikapona. Mfalme José I baada ya hapo hakutaka tena kulala chini ya dari la mawe, akahamia kwenye jumba la mbao kwenye kilima cha Ajuda, hapo juu.

Mnara, uliojengwa kati ya 1514 na 1519, ni mdogo kuliko unavyoonekana kwenye kadi za posta. Chini ya kijumba kimoja cha mlinzi pamechongwa kichwa cha kifaru, kumbukumbu ya kifaru aliyeletwa hapa kutoka India mwaka 1515. Kimelika kwa upepo na chumvi, na usipoonyeshwa utadhani ni jiwe tu. Ule mnara mwingine mkubwa wenye umbo la jahazi, Padrão dos Descobrimentos, una urefu wa mita 56 na si wa kale hata kidogo: wa kwanza ulisimamishwa kwa muda mwaka 1940, huu wa kudumu ni wa 1960, enzi za udikteta wa Salazar. Unasifia safari za baharini kwa namna ambayo mtu wa pwani yetu ataitazama kwa jicho la pembeni.

Na hapa lazima nikae kidogo. Ukiingia tu kanisani Jerónimos, upande mmoja kuna kaburi la Vasco da Gama na upande wa pili la mshairi Luís de Camões. Ni kutoka ufuo huu ambapo da Gama aling'oa nanga tarehe 8 Julai 1497, na Aprili 1498 akatokea Mombasa, kisha Malindi, ambako alipewa rubani wa kumvusha hadi Calicut, India. Mwaka 1502 alirudi na mizinga, akamlazimisha mtawala wa Kilwa alipe kodi ya dhahabu. Mwaka 1505 Mreno mwenzake, Francisco de Almeida, akaiteka Kilwa na kuichoma Mombasa.

Dhahabu ile ya Kilwa unaweza kuiona kwa macho yako. Haipo Belém leo. Ipo kwenye Museu Nacional de Arte Antiga, makumbusho ya taifa ya sanaa za kale, katikati ya njia ya kutoka mjini kwenda Belém. Inaitwa Custódia de Belém: monstransi, chombo ambacho Wakatoliki hutumia kuonyeshea Ekaristi, chenye mitume 12 waliopiga magoti, wamepakwa rangi za kioo. Kwenye kitako pameandikwa kwa Kireno cha zamani kwamba Mfalme Manuel aliamuru kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Quiloa, na kikamalizika mwaka 1506. Quiloa ndiyo Kilwa. Watalii wengi hawaweki makumbusho haya kwenye orodha yao. Kwa Mswahili naona ni kosa kuyaruka, hata kama hapendi makumbusho.

Ukitoka, usiache vikeki vya Belém, vinavyookwa hapa tangu 1837: unga mwembamba unaovunjika mdomoni, ndani maziwa na viini vya mayai, juu mdalasini. Foleni ya nje ni ya wanaochukua na kuondoka. Ndani kuna vyumba na meza, na mara nyingi utakaa haraka kuliko waliosimama nje.

Inamfaa nani. Mpenda historia, familia yenye wazee au watoto wadogo, na yeyote anayetaka vitu vingi bila kupanda kilima. Haimfai anayechoka haraka na makanisa na mawe ya kuchongwa, wala anayetaka kuona watu wakiishi maisha yao. Belém ni ya wageni, na jioni hupoa.

Alfama na kasri la São Jorge

Kufika. Ukiwa katikati ya mji umeshafika. Ila nakushauri uanzie juu na kushuka. Basi namba 737 kutoka Praça da Figueira linakupandisha hadi karibu na lango la kasri, na kutoka hapo miguu inafanya kazi ya kuteremka tu. Tramu 28, ile maarufu, inapita huku, lakini mchana utaipanda ukiwa umebanwa kwapani mwa mtu, na vibaka wanaijua kuliko wewe. Ipande asubuhi na mapema au uiache.

Miguu na foleni. Ngazi, ngazi, halafu ngazi. Vichochoro havina mpangilio, na ramani ya simu hupotea humo. Mwenye kiti cha magurudumu atapata tabu kweli. Foleni, kwa upande wake, ni ya kasri tu. Kwingine kote mlango ni barabara. Kasri hufunguliwa hata Jumatatu.

Utakachokiona. Jina lenyewe litakuamkua. Alfama limetokana na Kiarabu al-hamma, chemchemi za maji moto, na ukilisogeza kidogo unalikuta neno letu hamamu. Mji huu uliwahi kuitwa al-Ushbuna na kutawaliwa na Waislamu mpaka 1147, Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, alipouteka akisaidiwa na wapiganaji wa msalaba. Vichochoro vimebaki kwa sababu tetemeko la 1755 halikukiangusha kilima hiki kama lilivyoliangusha bonde la chini. Aliyekulia Mji Mkongwe, Lamu au Old Town ya Mombasa atatembea humu akiwa na hisia ya kupafahamu: kuta zinazokaribiana, nguo zilizoanikwa juu ya vichwa, bibi kizee mlangoni anayejua nani kapita.

Kasri, nikiwa mkweli, si la kale kama linavyojionyesha. Sehemu kubwa ya kuta na minara unayopanda ilijengwa upya kati ya 1938 na 1940. Kinacholipa kiingilio ni mandhari, mto wote chini yako, na tausi wanaorandaranda kama wenye nyumba. Asiyetaka kulipa aende kwenye roshani za wazi za Portas do Sol au Santa Luzia, au apande kidogo hadi Senhora do Monte. Mto ni uleule.

Chini kidogo kuna kanisa la Santa Engrácia, ambalo sasa ni makaburi ya heshima ya taifa. Ujenzi wake ulianza 1682 ukaisha 1966, na Wareno huiita kazi yoyote isiyokwisha "kazi ya Santa Engrácia". Ndani amelazwa Eusébio, mzaliwa wa mji ambao leo ni Maputo, mfungaji bora wa Kombe la Dunia la 1966 kwa mabao 9 akiichezea Ureno. Alihamishiwa humu mwaka 2015. Hata hapa hufungwa Jumatatu. Nje, Jumanne na Jumamosi, kuna mnada wa vitu vya mitumba uitwao Feira da Ladra.

Usiku Alfama huimba fado, muziki wa majonzi ulioingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2011. Msikilizaji wa taarabu ya zamani ataelewa: mwimbaji anasimama, gitaa zinanong'ona, na ukumbi wote unanyamaza. Uliza mapema kima cha chini cha kulipia chakula, maana bili ya nyumba za fado hupanda kimyakimya. Na ukiwa unaisubiri hiyo bili, jichekeshe kwa menyu: meza ni mesa, mvinyo ni vinho, leso ni lenço. Kanisa ni igreja, neno ambalo kwetu limegeuka gereza.

Inamfaa nani. Mwenye miguu mizima, mpiga picha, mpenda kupotea, na mwenye nusu siku tu. Mwenye ratiba ya dakika kwa dakika atakasirika hapa.

Sintra

Kufika. Treni kutoka stesheni ya Rossio, katikati ya mji, kama dakika 40. Ukishuka, majumba yako juu mlimani, na basi namba 434 ndilo linalozunguka huko. Usiende na gari la kukodi. Barabara ni nyembamba, katikati ya mji magari hubanwa, na maegesho ni ndoto.

Miguu na foleni. Hapa ndipo watu wanapolilia. Jumba la Pena huuza tiketi zenye saa ya kuingia ndani, na kutoka lango la bustani hadi mlango wa jumba ni mwendo wa kama nusu saa, wa kupanda. Ukifika langoni saa iliyoandikwa kwenye tiketi, umeshachelewa. Miezi ya joto, basi lenyewe lina foleni. Na ukungu: Lisbon inaweza kuwa na jua kali huku Sintra imefunikwa usione hata mnara ulio mbele yako. Beba sweta hata Julai.

Utakachokiona. Pena ni jumba la rangi za njano na nyekundu lililojengwa kuanzia miaka ya 1840 na Ferdinand II, mume wa malkia, juu ya magofu ya monasteri aliyoyanunua mwaka 1838. Wengine huliona la ajabu, wengine huliona kama keki ya harusi iliyozidishwa sukari. Mimi niko katikati: nje linastahili safari, ndani mnatembea kwa mstari mmoja mkisukumana. Karibu yake kuna kuta za Castelo dos Mouros, ngome ya enzi za Waislamu inayonyoka juu ya miamba. Chini mjini kuna jumba la kifalme lenye mabomba mawili makubwa meupe ya moshi wa jikoni, kila moja mita 33, na humo utapishana na watu wachache zaidi. Quinta da Regaleira ina kisima kisicho cha maji, cha kushukia kwa ngazi za kuzunguka hadi mita 27 chini ya ardhi, kisha unatokea kwenye mapango. Watoto wakubwa hawataki kutoka.

Chagua viwili, si vinne. Wanaojaribu vinne pamoja na rasi ya Cabo da Roca, ncha ya magharibi kabisa ya bara la Ulaya, hurudi na majina ya mahali bila mahali penyewe.

Inamfaa nani. Mwenye siku nzima ya kuitoa, wapenzi, wapenda misitu na bustani, na vijana wa Regaleira. Haiwafai wenye magoti mabovu, wala aliyesahau kununua tiketi mapema.

Cascais

Kufika. Treni kutoka Cais do Sodré, kama dakika 40, na njia yenyewe ni sehemu ya matembezi: kaa upande wa kushoto ukienda, mto unageuka bahari dirishani.

Miguu na foleni. Tambarare, na foleni hakuna ya maana isipokuwa ya aiskrimu.

Utakachokiona. Mji mdogo wa wavuvi ambao familia ya kifalme iliugeuza mahali pa kupumzikia kuanzia 1870. Kuna fukwe ndogo katikati ya mji, njia ya kutembea kandokando ya bahari hadi Estoril, na Boca do Inferno, pango ambalo mawimbi huingia kwa kishindo siku yenye upepo na kunyamaza kabisa siku tulivu.

Niwaonye waliozoea Bahari ya Hindi. Maji haya ni baridi. Hata Agosti ni shida kuzidi nyuzi 20, na utawaona Wareno wamelala mchangani siku nzima wakiingia majini dakika mbili tu. Aliyeogelea Diani au Nungwi asije hapa kwa ajili ya maji.

Inamfaa nani. Aliyechoka na majengo, mwenye watoto wanaotaka mchanga, na mwenye mchana mmoja wa ziada. Kama umesafiri mbali ili kuona kitu ambacho hakipo kwenu, Cascais iwe ya mwisho.

Mbili za pembeni

Parque das Nações, mtaa wa maonyesho ya dunia ya 1998, upo kwenye njia ya metro ya kwenda uwanja wa ndege, stesheni ya Oriente. Kivutio chake ni Oceanário, tangi moja kubwa la kati lenye lita milioni 5 likizungukwa na mazingira manne ya bahari, mojawapo likiwa matumbawe ya Bahari ya Hindi. Mvua ikinyesha na una watoto, usifikirie mara mbili.

Ya pili ni kivuko cha Cais do Sodré hadi Cacilhas, dakika kama 10, na ukitaka uendelee kwa basi hadi sanamu ya Cristo Rei ya mwaka 1959. Ni Kigamboni yao: wafanyakazi wanarudi nyumbani, upepo usoni, na mji mzima unaonekana vizuri kuliko kutoka kasri lolote.

Kwa hali yako

Una saa sita kati ya ndege mbili: Alfama kutoka juu kwenda chini, au Oceanário ukihofia kuchelewa. Sintra isahau.

Una siku moja nzima na wazazi wako wenye umri: Belém asubuhi kwa treni, vikeki ndani mkiwa mmekaa, makumbusho ya sanaa mkirudi, jioni kivuko.

Una siku mbili na miguu mizima: moja ya Belém na makumbusho, nyingine uipe Alfama au Sintra yote. Utabiri wa hewa ukisema ukungu, ipe Alfama.

Una siku tatu na watoto: Oceanário, Regaleira, Cascais, na Belém kwa kupitia, kwa kuwa iko kwenye reli ileile ya Cascais.

Unakuja katikati ya Juni: usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 ni sikukuu ya Mtakatifu Antonio, mzaliwa wa Lisbon, na Alfama yote inachoma dagaa wakubwa barabarani mpaka alfajiri. Panga hoteli mbali na hapo kama unataka kulala.

Hutumii nguruwe: uliza hata kwenye vitamu, maana baadhi hutiwa mafuta yake. Maduka na migahawa ya halali imejaa upande wa Martim Moniz, chini ya kilima cha kasri.

Na kama siku yako pekee ni Jumatatu, chagua kasri, Pena au Cascais. Dhahabu ya Kilwa hutaiona siku hiyo, maana makumbusho yale nayo hufungwa.